Badria, Awadhi na Kompyuta Zilizokataa Watu

Kibanda changu cha vifungo na zipu kinatazamana na duka la vyombo la Mama Severa, pale Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Kwa hiyo mengi ya haya sikusimuliwa, niliyaona. Nisiyoyaona aliniambia Badria mwenyewe. Ni rafiki yangu, na ana tabia ya kurudia jambo moja mpaka unalijua kama wimbo wa taifa.

Badria Mrisho alizaliwa Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba huku na huku na uwa nyuma. Yeye na mama yake walipanga chumba cha upande wa kulia. Mlango uliotazamana na wao alikaa Bi Siti na mwanawe Awadhi. Watoto hawa walikula sinia moja. Awadhi alipougua surua, aliyemkanda kwa maji ni mama yake Badria. Badria alipovunjika mkono, aliyembebea mkoba kwenda shule ni Awadhi. Majirani walishawaozesha midomoni. Hawakuoana, ila walisoma kompyuta chuo kimoja, darasa moja, na Badria alipopata kazi kwa Mama Severa, alipozoeleka tu, alimwambia bosi wake, "Mama, nina ndugu yangu anaijua kazi hii kama mimi. Mchukue."

Mama Severa akamchukua. Huyu ni mama wa Rombo aliyeanza kwa kupanga sufuria chini kwenye turubai, sasa ana ghorofa nzima, stoo eneo la Gerezani, na wateja wanaotoka Lubumbashi na Moroni kuja kuchukua chupa za chai na masinia kwa jumla. Kazi ya Badria na Awadhi ilikuwa kuhakikisha kompyuta zote za duka na stoo zinafanya kazi: nani anaingia, nani anaona nini, nani amesahau neno lake la siri.

Mwaka mmoja mama yake Badria alilazwa. Badria akawa anashinda hospitali, na siku moja Awadhi alimpigia simu kwamba kuna kitu dukani kimekwama, bila akaunti yake hakifunguki. Badria akamtajia neno lake la siri papo hapo, amesimama kwenye korido na chupa ya uji mkononi. Angemficha nini mtu waliyekula naye sinia moja?

Wiki chache baadaye, mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa pili alianza kuleta mzigo uleule wa Mama Severa, kutoka kiwanda kilekile cha China, na wake ukitangulia kufika. Mama Severa hakuwa mjinga. Akaagiza iangaliwe nani alifungua faili la majina ya viwanda na ratiba za makontena. Seva, kompyuta kuu ya duka, ikajibu: Badria.

"Mama, siku hiyo nilikuwa hospitali," Badria alisema. "Muulize Awadhi. Neno langu la siri alikuwa nalo yeye."

Mama Severa akamgeukia Awadhi. Awadhi akatazama sakafu, akasema, "Mimi silijui neno lake la siri, mama. Sijawahi kulijua."

Kilichofuata nilikiona nikiwa nimeshika futi ya kupimia. Mama Severa, kwa hasira, aliamuru mlinzi ampekue Badria pale nje, kwenye baraza ya duka, mbele ya wateja, wapagazi na machinga, eti huenda ameficha kitu cha kubebea mafaili. Mlinzi akaumwaga mkoba wake juu ya sementi. Simu, kanga, dawa za mama yake, pedi. Zote pale chini, watu wamezunguka. Kijana anayetangazia duka kwa maiki, ambaye siku nzima huita "Njoo sufuria, njoo bakuli!", akaona amepata mchezo: "Njoo mwizi! Njoo mwizi wa kompyuta!" Watu wakacheka. Badria alichuchumaa akaokota kimoja kimoja. Awadhi alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

Nilimvusha barabara nikamkalisha kibandani kwangu. Hakulia. Aliniomba maji, akanywa, akasema, "Amenitazama nikiokota pedi yangu."

Jioni ile habari ilifika Magomeni kabla yake. Mama yake, aliyetoka hospitali siku mbili tatu nyuma, alimpokea kwa swali moja tu: "Kweli?" Badria anasema swali lile lilimuuma kuliko maiki. Mama alikufa baadaye kwa ugonjwa wake uleule, na ingawa alikuwa ameshamwambia bintiye kwamba anamwamini, Badria hakulisahau lile "kweli?" na alilihesabu kuwa deni la Awadhi.

Badria akafukuzwa, Awadhi akapewa kiti chake. Bi Siti na mwanawe wakahama, wakapata nyumba nzuri zaidi. Badria akafungua kijimeza cha ufundi wa kompyuta ghorofa ya pili kwenye jengo moja la Mtaa wa Msimbazi, katikati ya mafundi simu. Mkono wake mzuri, akapata wateja. Lakini hakuwahi kuwa mtu yuleyule. Alipokuja kwangu kunywa chai alikaa akilitazama lile duka kama mtu anayesubiri jiko lishike moto.

"Unamwombea afe?" nilimuuliza mara moja.

"Afe? Hapana. Namwombea uzima na umri. Maiti haoni aibu."

Basi siku ikaja. Ilikuwa wiki za kuelekea Ramadhani, msimu ambao Kariakoo nzima hununua vyombo. Awadhi alikuwa amesikia duka fulani limeingiliwa na wezi wa mtandaoni, akaogopa, akaamua kukaza usalama. Akaweka masharti mapya kwenye seva: neno la siri liwe refu, libadilishwe kila mwezi, ukikosea mara tatu akaunti ijifunge. Hayo si mabaya. Lakini yako mengine mawili, moja linalosema nani anaruhusiwa kukaa mbele ya kompyuta na kuingia, na jingine linalosema nani amekatazwa. Alitaka kukataza wageni. Badala yake, kwenye orodha ya waliokatazwa akachagua kundi lenye kila mtu, kisha akasambaza masharti yale kwenye mashine zote, na seva yenyewe. Na katika mambo haya, Badria alinifafanulia, katazo hulishinda ruhusa. Hata uwe mkuu wa wakuu, ukiwa ndani ya lile kundi umekatazwa nawe.

Asubuhi wafanyakazi walipowasha kompyuta, kila mmoja aliandika jina na neno la siri, na kila kioo kikajibu kwamba kuingia kwa namna ile hakuruhusiwi. Awadhi akajaribu kwa akaunti yake. Hakuruhusiwi. Akaenda kwenye seva, chumbani kwake mwenyewe. Hakuruhusiwi. Amejifungia nje na funguo zake zote.

Nje, Wakongo walikuwa wamefika na malori. Hakuna aliyejua mzigo gani uko stoo, hakuna risiti inayotoka. Hata kwangu ng'ambo nilisikia Mama Severa akipiga kelele.

Awadhi alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda Msimbazi. Alipanda ngazi mpaka kwa Badria, shati limemganda mgongoni.

"Mambo, da Badria."

Tangu lini akamwita dada? Badria alikuwa anakunywa chai. Hakukiweka kikombe chini.

"Nimekwama," Awadhi alisema, akainama ili mafundi simu wasisikie. Akamweleza yote. "Najua wewe utaweza. Twende kwa mlango wa nyuma, urekebishe, Mama asijue ni mimi niliyeharibu. Kwa ajili ya tulivyolelewa, Badria."

"Nani alifungua lile faili?"

"Ah, mambo ya zamani hayo."

"Nimekuuliza nani alifungua."

Badria akamtazama mpaka Awadhi akatazama sakafu, vilevile kama siku ile.

"Basi na mimi kompyuta nimeshazisahau," Badria alisema. "Ni mambo ya zamani. Teremka taratibu, ngazi zina maji."

Anasema Awadhi alipokwisha kushuka aliagiza kikombe cha pili, na chai ile ilikuwa tamu kuliko chai yoyote aliyowahi kunywa maishani mwake.

Kabla ya adhuhuri Mama Severa akapanda ngazi zilezile. Amenenepa siku hizi, na magoti yanamsumbua. Alifika juu anahema, akashika meza.

"Shikamoo, mama," Badria alisema, akampa kiti. Hilo hakulikosea, alilelewa.

"Marahaba, mwanangu. Unajua nimefuata nini."

"Najua. Na dawa yake ninayo. Kuingia kwa kukaa mbele ya mashine ndiko kulikokatazwa, lakini njia ya waya, kutoka kompyuta nyingine, haikuzibwa. Nitaleta laptop yangu, nitaifikia seva kwa huko, niondoe lile katazo. Kompyuta zikizimwa na kuwashwa zitapokea."

"Basi twende. Taja bei yako."

"Sitaki bei. Nataka baraza na maiki."

Mama Severa hakuelewa. Badria akamwambia polepole, neno kwa neno, kama mtu aliyekariri muda mrefu. Awadhi asimame palepale mkoba ulipomwagwa. Ashike maiki ileile. Aseme nani alifungua faili, na kwa akaunti ya nani.

"Unataka kuliaibisha duka langu? Na wateja wote wale?"

"Duka litapona, mama. Kariakoo inasahau duka haraka. Mtu haisahau."

"Na kama hakufungua yeye?"

"Kamuulize tena. Safari hii mtazame macho."

Mama Severa alirudi dukani. Nilimwona akiingia, na muda mfupi baadaye wafanyakazi wote wakatoka nje, wakamwacha yeye na Awadhi wawili tu. Sijui walisemezana nini. Mwenye duka la mikoba, aliye ukuta mmoja nao, anasema alimsikia Mama Severa akiuliza swali moja mara tatu, halafu sauti ya mama yule ikisema, "Maiki au polisi. Chagua."

Badria alifika na laptop kwapani, amevaa baibui jeusi na mtandio mwekundu ambao sijawahi kuuona. Hakuingia dukani. Alikuja kusimama kibandani kwangu, ng'ambo, ili aone vizuri.

Awadhi akatoka. Yule kijana wa maiki akamkabidhi, naye akaishika kwa mikono miwili. Barabara ilikuwa imejaa: Wakongo wenye malori, wanawake waliofuata vyombo vya harusi, wapagazi, machinga wa soksi.

"Mimi ni Awadhi," alianza. Sauti ilikuwa chini, spika ikapiga mluzi. "Mnamkumbuka dada aliyepekuliwa hapa. Badria. Yeye hakutoa siri ya duka. Niliitoa mimi. Nilitumia akaunti yake. Alikuwa anamuuguza mama yake."

Alitaka kuirudisha maiki. Badria akapaza sauti kutoka ng'ambo:

"Rudia! Bodaboda imepita. Waliosimama kwenye mikoba hawajasikia."

Watu wakageuka kumtazama. Wengine wakaanza kuelewa. Awadhi akamtafuta Mama Severa kwa macho. Mama Severa akatikisa kichwa kwamba ndiyo, rudia. Akarudia. Safari hii alilia katikati, na mtu mmoja akasema, "Mwacheni jamani, inatosha." Nilimwangalia Badria nikidhani naye atasema inatosha. Alikuwa anatabasamu. Si tabasamu la kumsimanga mtu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa.

"Lile la mama yangu," aliniambia kwa sauti ndogo, "lile bado."

Kisha akavuka barabara, akaingia. Alikaa kwenye meza ya kaunta, akachomeka waya kwenye laptop yake. Awadhi akasimamishwa pembeni amtajie neno la siri la akaunti kuu, kwa sauti, mbele ya wasichana wa kaunta. Badria akaifikia seva kwa njia ile ya waya, akafungua masharti, akaliona katazo na lile kundi la kila mtu ndani yake. Akalitoa. Akawaambia wazime wawashe. Kompyuta ya kwanza ikafunguka, wasichana wakapiga vigelegele. Ya stoo ikakaidi, ikabidi iwashwe mara ya pili. Waliojaribu maneno mengine ya siri asubuhi, akaunti zao zilikuwa zimejifunga, akazifungua mojamoja. Malori yakaanza kupakia.

Mama Severa akamwomba radhi palepale, mbele ya wafanyakazi, akamwomba arudi kazini, kiti chake, na cheo juu yake.

"Nitarudi," Badria alisema. "Kwa sharti kwamba Awadhi asifukuzwe."

Mama Severa alimkumbatia, akasema hajapata kuona moyo kama ule. Msichana mmoja wa kaunta alitokwa na machozi. Mimi, aliponisimulia jioni, nilimwambia, "Mimi usinidanganye." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Awadhi alibaki, maana angeenda wapi? Kariakoo nzima ilishasikia maiki. Bi Siti alikuwa anamtegemea. Akawekwa dawati la kuingiza idadi ya mizigo, mfanyakazi wa kawaida kama wengine. Ila si kama wengine kabisa. Badria alimtengenezea sharti la peke yake. Wafanyakazi wengine wakikosea neno la siri, akaunti hufunguka yenyewe baada ya muda. Ya Awadhi ikikosewa mara mbili tu, inafunga, na haifunguki mpaka mkono wa Badria uifungue. Na neno lake la siri lilitakiwa kuwa refu kama shairi, na kubadilishwa kila wiki.

Mtu mwenye wasiwasi hukosea. Ikawa karibu kila asubuhi Awadhi anasimama mbele ya meza ya Badria.

"Imejifunga tena. Naomba unifungulie."

"Subiri nimalize chai."

Anasubiri. Wapagazi wanapita, wasichana wanapita, wanamwona amesimama kama mtoto aliyechelewa shule. Badria anamaliza chai, anafuta midomo, anajibu simu, anabonyeza kitufe. "Haya. Uandike kwa makini." Alikuwa mpole kila mara. Hakuna mtu ambaye angeweza kumshitaki kwa lolote; ni usalama wa duka tu.

Nilimwambia, "Badria, imekwisha hiyo. Umeshinda."

"Haijakwisha. Mama yangu aliniuliza 'kweli?'"

Mwezi wa tano au wa sita tangu siku ya maiki, Bi Siti alikuja. Alikuja kwangu kwanza, ameishiwa nguvu, akaniomba nimwite Badria kwa kuwa hawezi kukanyaga duka lile. Badria alivuka, akamwamkia, akambusu mkono kama alivyozoea tangu utotoni. Wakakaa kwenye viti vyangu vya plastiki.

"Mwanangu alikukosea," Bi Siti alisema. "Sikuja kumtetea. Nimekuja kukwambia hali yake. Akila, vidole vya mkono wa kushoto vinaandika juu ya mkeka kama yuko kwenye kompyuta. Nimemuuliza anaandika nini, anasema hajui kama anaandika. Mama yako ndiye aliyenipamba siku ya ndoa yangu, Badria. Mwachie."

Badria alimshika mikono yule bibi kwa muda. Nilidhani sasa atamwachia.

"Bi Siti," alisema, "mimi nawe hatuna neno. Nyumba yangu ni yako. Lakini kwa habari hiyo ya vidole umeniletea zawadi."

Bi Siti aliondoka bila kumaliza soda yake. Badria akachukua vifungo kwenye kopo langu, akavipanga kwa rangi juu ya meza, halafu akavirudisha vyote.

"Nimesema vibaya?" aliniuliza.

"Umesema ulivyotaka."

"Ndiyo," akasema. "Nilivyotaka."

Asubuhi iliyofuata akaunti ya Awadhi ilijifunga kama kawaida. Badria alimimina chai akasubiri. Awadhi hakuja. Alikuwa amekaa kwenye dawati lake mbele ya kioo kilichofungwa, mikono magotini. Saa zikapita. Mara mbili Badria alipita karibu yake na faili mkononi. Hakuombwa kitu. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Awadhi aliinuka, akachukua kofia yake, akamuaga Mama Severa kwa adabu, akatoka kwa mlango wa mbele. Alivuka baraza ile bila kukimbia. Alinipungia hata mimi.

Badria alinipigia simu kutoka dirishani. "Umemwona? Kaenda wapi?"

Haikuchukua muda tukasikia yuko soko la Mchikichini, anauza viatu vya mitumba na shemeji yake. Badria akanibana nimsindikize, eti anataka raba za kutembelea. Tulipita kwenye marundo ya mashati na majinzi mpaka sehemu ya viatu, na kabla hatujamwona tulimsikia. Amepanda juu ya benchi, kiatu mkono huu na kiatu mkono huu, anaita wateja kwa sauti kubwa bila maiki, na watu wamemzunguka wanacheka naye.

Alituona. Hakushtuka, au alishtuka akaficha. "Karibuni, kina dada. Namba ngapi?"

Badria alimtajia. Awadhi akamtolea raba nyeupe, akazipangusa kwa kitambaa, akapiga goti akamshikia kisigino azijaribu. Niliangalia vidole vyake. Vilikuwa vimetulia. Akamtajia bei ya kila mtu, akapokea, akasema ahsante, akageukia mteja mwingine.

Tulirudi kwa miguu kuelekea Kariakoo, jua kali, raba kwenye mfuko mweusi. Badria alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye mataa.

"Umesikia anavyocheka?" alisema.

"Nimesikia."

"Nani kamfundisha kucheka vile?"

Taa zikaruhusu, watu wakavuka, sisi bado tumesimama.

"Ijumaa nitarudi," alisema. "Hizi zinanibana. Nitamwambia anibadilishie, mbele ya wateja wake."

"Zinakubana kweli?"

Badria aliufunga mfuko fundo, akaukaza kwa meno. "Hazinibani," alisema, akavuka.